Taa Niliyoipiga Mawe

Jiwe la kwanza nililoirushia taa ya boma la Lodwar lilikosea, likatua juu ya bati la ofisi, na mbwa wa mji mzima wakaanza kubweka. La pili liliipata. Kioo kilimwagika chini, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa nikaiona tena anga. Nilisimama pale mchangani na kanga na malapa yangu, muuguzi wa serikali, mtu mzima, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Nina sababu zangu. Nililelewa Nairobi, upande wa mashariki, karibu na yadi ya reli, ambako taa za kupangia mabehewa ziliwaka hadi asubuhi. Baba yangu alikuwa na mkono mwepesi. Akianza kumpiga mama, mimi nilitoka nje, nikakaa juu ya karai lililopinduliwa, nikaanza kuhesabu nyota ili nisisikie. Lakini zile taa zilikuwa zimezila karibu zote. Nilibakiwa na zile tatu zinazojipanga mstari mmoja na nyingine chache za kuokoteza, na kila mara zilikwisha kabla baba hajamaliza kazi yake. Nilizichukia taa za reli kuliko nilivyomchukia yeye, maana yeye angalau alilala.

Nilipopelekwa Lodwar, katikati ya miaka ya sabini, wenzangu hospitalini walinipa pole za msiba. Joto la kule halina adabu. Nyumba za watumishi zilikuwa za bati, kwa hiyo jua likizama kila mtu alikokota kitanda chake uwanjani: karani, mwalimu, bwana mifugo na mkewe, sote tukalala nje na kukoroma hadharani bila aibu. Usiku wa kwanza nililala chali nikafumbua macho. Sikuwa najua kwamba ziko nyingi hivyo. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilihisi nimeibiwa utoto mzima.

Halafu zikaja habari za ngoroko, wezi wa mifugo wenye bunduki, kwamba wanaua watu huko kaskazini upande wa Kaaleng na Kaikor. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Ikaletwa jenereta mpya, ikasimamishwa taa kubwa juu ya mlingoti, na mwanga wake ukafika hadi kwenye mito ya vitanda vyetu. Watumishi walishangilia. Walisema sasa wanaweza kulala usingizi, na mimi ndipo usingizi wangu ulipokwisha. Nilivumilia hadi nikashindwa, nikaokota jiwe. Fundi aliweka taa nyingine juma lile lile.

Mwenzangu kazini, mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa mhudumu wa wodi na mkalimani wangu kwa wagonjwa, alijua ni mimi niliyeivunja. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Nyinyi watu ya Kenya," aliniambia, kwani kule Kenya ilianzia Kitale, "mnaogopa giza, sasa wewe unapiga mataa. Wewe ni mtu ya wapi?"

Ndiye aliyenipeleka nyuma ya kilima, mahali mwanga wa boma haukufika. Tulikwenda jioni baada ya kazi, tukakaa juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na moto wa mchana, yeye akitafuna tumbako na mimi nikitazama juu. Huko nilijifunza namna jicho linavyofanya kazi. Ukitoka kwenye taa huoni kitu. Ukitulia, giza linafunguka pole pole. Nyota hafifu ukiikodolea macho inapotea, lakini ukitazama pembeni yake kidogo, inarudi. Na mtu akiwasha tochi mara moja tu, unaanza upya.

"Sista, hii nyota unaangalia kila siku, iko na maziwa?" aliniuliza.

"Haina."

"Basi ni ya kazi gani?"

Nilimpenda sana kwa kuniuliza. Wakati huo alikuwa na mimba. Aliniambia waziwazi kwamba wa kwanza alimpoteza mikononi mwa mkunga asiyemjua, na kwamba huyu nitampokea mimi, si mwingine. Nilimpa neno langu. Kwa hiyo nilipohamishiwa zahanati ya Kakuma, ambako ndiko kwao, aliomba ruhusa akanifuata ili ajifungue karibu na mama yake.

Kakuma ya wakati huo ilikuwa maduka machache, kituo kidogo cha askari, zahanati na laga ya Tarach, ule mto wa mchanga unaopata maji siku mvua ikikumbuka. Anga yake ilikuwa nyeusi kuliko ya nyuma ya kilima. Kila jioni ambayo habari zilikuwa mbaya, wanawake walizima moto mara tu walipomaliza kukamua, wakaufukia kwa mchanga, na manyatta yote yakapotea machoni. Koplo wa kituo, mtu wa kwetu huko chini, alifanya kinyume. Kwake usalama ulikuwa taa. Alituamuru tuwashe kila tulichokuwa nacho ili ngoroko waone kwamba serikali iko macho.

Uchungu ulimshika rafiki yangu mchana. Jua lilipozama niliwasha karabai na kuitundika juu ya kitanda. Mama yake alikuwa amechuchumaa kichwani pake, akimfuta jasho. Risasi ya kwanza ilisikika upande wa madukani, mtu akapiga yowe, yowe likakatika. Ya pili ilipasua ubao wa dirisha letu.

"Zima, Sista!" rafiki yangu alisema kwa meno yaliyokazwa. "Zima hiyo taa!"

Koplo akaingia mbio na bunduki yake. "Usizime! Wakiona giza watajua tumekimbia!"

Risasi nyingine ilipita kati yetu ikatoboa ndoo. Nilitungua karabai nikaibamiza sakafuni. Koplo alinizaba kofi nikaona vimulimuli. Nami nikanyakua beseni la chuma nikampiga nalo mdomoni kwa nguvu zangu zote, nikasikia jino likivunjika, na kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa nimengoja tangu utotoni kumpiga mwanamume anayepiga mwanamke. Kisha mimi na yule mama tukamshika mgonjwa makwapani, tukatokea mlango wa nyuma, tukateremka lagani na kujibanza chini ya ukingo.

Nilijilazimisha kutulia. Nikafumba macho, nikafumbua, nikangoja giza lifunguke, na likafunguka. Hapakuwa na mwezi. Juu yetu nyota zilikuwa zote, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwa mwanga wake nikaanza kumwona rafiki yangu: goti, tumbo, ung'avu wa shanga zake. Nilitazama pembeni ya kila kitu, na kila kitu kikanijia. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinatokeza pale koplo alipotufuata hadi ukingoni, damu mdomoni, akawasha tochi.

Nadhani alitaka kunisaidia. Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika. Risasi ilimpata begani, akabingirika hadi miguuni petu, na tochi ikaanguka ikiwa inawaka, ikitumulika sote wanne. Yule mama aliirukia. Aliifukia kwa mchanga kwa mikono miwili, vile vile alivyozoea kuufukia moto wake jioni.

Nikaanza upya, kipofu kabisa, kwa vidole. Mtoto alitoka akiwa mzima. Alilia mara moja, bibi yake akambana kifuani, akanyamaza. Nilifunga kitovu kwa uzi nilioung'oa kwenye pindo la kanga. Nilipoinua uso anga ilikuwa imerudi, na huko juu, ngoroko walikoanza kurudi nyuma na ng'ombe wa watu, milio ya bunduki ilikuwa ikififia. Nilijiona mjanja. Nilijiona nimeyashinda makarabai na matochi ya dunia nzima.

Kisha nikamshika rafiki yangu mkono, na mkono ulikuwa wa baridi.

Nyota hazionyeshi rangi. Kwa mwanga wake hakuna chekundu. Kilicholowa ni cheusi na kikavu ni cheusi. Umajimaji nilikuwa nimeuhisi chini yake, nikauchukulia kuwa maji ya uzazi tu. Damu ilikuwa ikitoka muda wote huo na mchanga wa Tarach ukiinywa kimya kimya, bila kuacha dimbwi. Karabai ingenionyesha mara moja. Nilikandamiza tumbo kwa ngumi, nikalisugua, nikampigia kelele asilale. Sindano iliyofaa ilikuwa kabatini, ndani ya zahanati, na nilipomaliza kuifikiria tayari nilikuwa nimechelewa.

Alinigusa goti. Sauti yake ilikuwa ile ile ya utani wa nyuma ya kilima.

"Sista, sasa uombe hizo nyota maziwa."

Mtoto, wa kike, alilelewa na bibi yake kwa maziwa ya mbuzi. Koplo alipona, na hakuripoti jino lake, wala mimi sikuripoti kofi. Mimi niliomba uhamisho, nikarudishwa Lodwar.

Jioni ya kwanza watumishi walikuwa wanakokota vitanda vyao kama kawaida. Nilikokota changu nikapita uwanja wote hadi chini ya mlingoti, pale mwanga ulipokuwa mkali kupita kote na wadudu wakianguka kama mvua. Bwana mifugo akaniuliza kama nimekuja kuipiga taa jiwe tena. Nikamwambia hapana. Nilijilaza, nikaiweka mikono yangu miwili juu ya shuka nyeupe, viganja juu, na nikaitazama mpaka nikahakikisha kwamba haikuwa na chochote chekundu. Nililala pale kila usiku hadi nilipohamishwa.