Gari Lipimwe na Mzigo

Oliva wa kijiji cha Ukata alikuwa na tabia moja: gari likianza kuteremka milima ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, yeye hulala. Mumewe Valence yuko kwenye usukani, magunia ya mahindi yako nyuma, kona zije zinavyotaka, Oliva anakoroma. Watu wakimcheka husema, "Nilinde nini? Dereva namjua."

Kisha Valence akapata kiharusi. Alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito kidogo. Safari ya kwanza baada ya ugonjwa, gari lilivuta kushoto likaingia mtaroni. Ya pili, vilevile. Hakuna aliyeumia, lakini Valence alifika nyumbani akatupa funguo mezani.

"Mkono wangu umekwisha, mama Jastin. Uza gari." Mwanaume mzima, akalia.

Auze gari? Thubutu! Oliva alikwenda moja kwa moja kwa fundi Wilfred, pale mjini Mbinga. Wilfred alikwishalikagua: alibadilisha tairodi, vyuma vinavyogeuza magurudumu, akanyoosha magurudumu ya mbele, akalizungusha mtaani likaenda sawasawa.

"Mama, gari ni zima," akasema kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyompandisha Oliva hasira.

"Ulilijaribu na mzigo?"

"Gari haliletwi gereji na mzigo, mama."

"Basi leo litaletwa."

Alipakia magunia kama wanavyopakia siku zote: mengi upande wa kushoto, maana wasafirishaji wa njia ile huamini mzigo ukiegemea mlimani, gari haliangukii bondeni. Wilfred akashika usukani, Oliva akakaa katikati, Valence dirishani, kanuna. Hata hawajafika mbali, fundi jasho likaanza kumtoka.

"Eh! Mbona linanivuta?"

"Linakuvuta wapi?"

"Kushoto! Linakwenda lenyewe!"

Oliva akamgeukia mumewe. "Umesikia? Na huyu mikono yake yote ni mizima." Valence akakaa wima.

Lakini kujua gari linavuta ni jambo moja, kujua sababu ni jingine. Walipofika Mbamba Bay, Oliva alikataa katakata mzigo kushushwa. Alimwamuru Wilfred aliendeshe polepole kwenye mchanga uliolowa kando ya ziwa, usukani umenyooka. Kisha wakashuka kutazama alama. Magurudumu ya nyuma hayakufuata njia ya yale ya mbele, yalipita pembeni.

"Ugonjwa uko nyuma!" Valence akasema. Akajilaza mchangani, akaingia uvunguni na shati lake la kanisani. "Bolti inayoshikilia ekseli kwenye springi ya kushoto imekatika. Mzigo ukikaa, ekseli inasogea. Ukishuka, inarudi mahali pake."

Magunia yaliyoegemezwa mlimani miaka yote ndiyo yaliyoimaliza bolti ile. "Na mimi nimehangaika na mbele tu!" Wilfred akasema, akacheka mwenyewe.

Walishusha mzigo, wakatia bolti mpya palepale ufukweni. Wakati wa kurudi walipakia mchele na usipa, dagaa wa ziwa lile, safari hii katikati. Oliva akampa Valence funguo. Valence akazitazama sana.

"Nikiliingiza tena mtaroni?"

"Tutalitoa. Washa."

Akawasha. Wakapanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, gari limenyooka. Valence akashusha pumzi, machozi yakimlenga.

"Mama Jastin, unaona lakini?"

Oliva? Alikuwa anakoroma.