Ngozi ya Kuchujia Petroli

Gari likikataa kuwaka asubuhi, watu wengi hukimbilia hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Mimi pia nilikimbilia. Ndiyo maana naeleza haya polepole, ili siku ukikutwa na jambo kama hilo usifanye nilivyofanya.

Nilikuwa dereva wa lori katika shamba moja la chai upande wa Litein, kiwanda chetu kikiwa bado kipya. Petroli ilitujia ndani ya madebe yaliyozibwa, na debe tupu lilikuwa mali pale kambini: la kuchotea maji, la kuchemshia mahindi, bati la kuzibia paa. Kwa hiyo hatukutoboa tundu dogo juu kama ilivyotakiwa. Tulikata mfuniko wote kwa patasi, taratibu, ukingo usiharibike, ili mtu apate ndoo. Niliyemkatia safari hiyo alikuwa mke wa rafiki yangu. Mimi na huyo rafiki tulitoka kijiji kimoja kule ziwani, tukalala chumba kimoja mpaka alipooa. Yeye alifanya kazi kwenye mashine ya kusokota majani ya chai.

Nusu ya petroli ya debe lile niliimimina tangini Jumatatu. Nusu nyingine ilibaki wazi chini ya upenu wa stoo, imefunikwa gunia, na mvua ya huku haizuiliwi na gunia. Jumatano jioni nikamimina iliyobaki.

Hilo peke yake lisingeleta balaa. Tulikuwa tukimimina petroli kupitia ngozi laini iliyotandazwa ndani ya faneli. Ukiilowesha kwanza kwa petroli, petroli hupita na maji hubaki juu. Lakini ngozi yangu haikuwapo. Rafiki yangu alikuwa ameungua kiganja cha kushoto kwenye trei za jiko la kukaushia chai, akaniomba kitu laini cha kufungia.

"Siku mbili tu, omera," alisema, akiniita ndugu kwa lugha yetu ya ziwani. "Lori lako haliumwi."

Nikampa.

Alhamisi asubuhi mashine ilimkamata mkono wa kulia. Walipofanikiwa kuisimamisha, ulikuwa umeingia hadi karibu na kiwiko. Walimfunga mkanda wa suruali juu ya jeraha kuzuia damu, wakaukaza, wakamlaza nyuma ya lori juu ya magunia. Mkewe akapanda, akamwekea kichwa mapajani. Bwana wa shamba alikuwa ameondoka na gari lake tangu alfajiri. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa nzima kwenye barabara kavu, na barabara haikuwa kavu. Bila lori, angefia pale uani.

Nilizungusha hendeli. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nikazungusha tena, haikukohoa. Nyapara akanisukuma kando, akazungusha yeye, kisha wengine wakapokezana mpaka jasho likawatoka katika baridi ile.

"Dereva, jana ulilitukana hili lori?" nyapara aliuliza, akihema. "Limekununia."

Wengine walicheka kidogo, kisha wakaona aibu. Nadhani tulipoteza nusu saa hivyo.

"Shemeji," mke wa rafiki yangu aliniita kutoka juu, kwa sauti ya chini. "Acha kuzungusha. Fikiri."

Nikaacha. Injini haina siri nyingi. Inataka cheche, inataka petroli, inataka hewa. Ukianza na kimoja ukakimaliza, ndipo uende kwa kingine, utafika hata kama mikono inatetemeka. Nilifungua plagi moja, nikailaza juu ya chuma cha injini waya ukiwa bado umeshikamana nayo, nikamwambia nyapara azungushe. Cheche ikaruka, ya buluu. Basi umeme ulikuwapo. Lakini plagi yenyewe ilikuwa imelowa.

Nikafungua kikombe cha chini cha kabureta, nikakinga kiganja. Petroli hutambaa mkononi, ubaridi wake unauma, kisha hukauka. Hii haikukauka. Ndani yake vitone viliviringika kama shanga. Maji. Nikakumbuka gunia, na faneli isiyo na ngozi, na kwamba jana jioni lori lilizima lenyewe mara mbili mlimani nami nikapuuza.

"Kuna maji tangini," nilisema. "Nahitaji kuchuja."

Rafiki yangu alifumbua macho. "Ngozi yako ninayo mimi," alisema, akaunyosha mkono wa kushoto.

Mkewe aliifungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Sehemu ya ngozi ya kiganja ilitoka nayo. Rafiki yangu hakulia, ila alinitazama usoni muda wote, nami sikujua niweke wapi macho.

Nilifungua koki chini ya tangi, nikamwaga yote ndani ya madebe mbali na moto, nikarudisha petroli kupitia faneli. Maji yalibaki juu ya ngozi, mekundu kidogo. Nyapara alipeleka plagi zote kwenye jiko la kukaushia chai, akazirudisha zikiwa kavu na moto hata akazibeba ndani ya kofia yake. Nilizifunga. Nikazungusha hendeli mara mbili. Lori likawaka.

Tulifika akiwa hai. Daktari aliufungua ule mkanda, akauliza ulifungwa saa ngapi. Nikamwambia. Akasema mkono umekaa bila damu muda mrefu mno. Waliukata juu ya kiwiko jioni ile.

Shamba halikuwa na kazi ya mtu wa mkono mmoja. Mwezi uliofuata niliwapeleka yeye na mkewe stesheni ya reli ya Lumbwa, warudi kwao. Rafiki yangu alinirudishia ngozi, imefuliwa na kukunjwa. "Usimpe mtu tena," alisema, akitabasamu.

Mkewe alijitwisha vyombo vyao ndani ya lile debe nililomkatia. Ukingo wake ulikuwa bado mzuri, umenyooka pande zote.