Mihogo Iliyokunywa Mazutu

"We mwenyewe ulisema, Mama Dany! Bantu bote ya soko walisikia!" Pulchérie alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Ulisema: mwenye kuiba tena mihogo yangu, nitamunywesha mazutu!"

"Nilisema pia nitaolewa na gavana, wifi. Uko unaona gavana hapa? Niliishia kwa kaka yako."

Espérance, huyo Mama Dany mwenyewe, hakuinua kichwa. Alikuwa anapuliza moto wa mbabula, jiko lake la makaa. Huyo kaka, Casimir, mumewe, alikuwa bado kazini, kwenye ulinzi wa depo ya mafuta.

Miaka ishirini na mmoja Espérance aliloweka mihogo kwenye shimo lake la bondeni, hapo mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Maji yenyewe yalikuwa na adabu: muhogo uliingia Jumatatu mchungu kama nyongo, Alhamisi ukatoka unaomba radhi. Unga wake ulipanda pikipiki hadi Misisi, na wachimba dhahabu waliapa kwamba bugali wake ulijimeza wenyewe. Wezi nao waliujua. Kiangazi kilichopita walikomba shimo zima, naye akasimama sokoni akatoa lile tishio kwa sauti iliyofanya samaki wa Kigoma wazame chini zaidi. Mazutu yenyewe, yale mafuta ya dizeli, hakuyatia hata tone.

Baada ya Pasaka magunia yakaanza kurudi. Watu wa Misisi, wanaokula bugali wenye mchanga bila kukohoa, walitema. Unga ulinuka mazutu. Nani ahangaike kumtafuta mkosaji, na mkosaji alishajitangaza sokoni? Wanawake waliokuwa wakimwazima chungio walianza kupita upande wa pili wa njia. Shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa, alihukumu bila hata kukaa: baada ya wiki mbili vijana wangekuja na machepe kulifukia shimo.

Espérance alikwenda bureau ya serikali akaomba maji yapimwe. Akajibiwa kwamba maji hupimwa Bukavu, ndani ya chupa maalumu, na chupa zenyewe hutoka Bukavu. Akawashukuru kwa namna iliyowafanya wajikague kama wamevaa suruali.

Basi akapima kwa chombo alichokijua. Muhogo uliolowekwa hunywa kila kilichomo majini, hauchagui, kama mlevi msibani. Alichimba vishimo saba: vitatu vya kwanza ng'ambo ya bonde, cha nne kando ya shimo lake, vingine vikipanda hadi kwenye uzio wa depo, pale bomba linapopita chini ya udongo kutoka kwenye tangi kubwa. Kila kishimo akakitilia muhogo, akaulaza siku tatu, akauanika juu ya bati. Kwa kuwa yeye na kalamu hawakuwahi kusalimiana, alifunga kila muhogo kitambaa chenye mafundo: fundo moja kwa kishimo cha kwanza, hadi saba kwa kile cha uzioni.

"Kaa chini, wifi. Kama mi nilimwaga mazutu shimoni, muhogo ya fundo ine, ya kando ya shimo yangu, njo itawaka kuliko yote. Si njo vile?"

Pulchérie hakukaa, lakini hakuondoka.

Espérance aliitia mihogo motoni mmoja mmoja. Wa fundo moja ulitoa moshi mweupe, kama muhogo wowote wa watu. Wa pili na wa tatu hivyohivyo. Wa nne ulitoa cheche kidogo, ukanuka. Wa tano ukawaka. Wa sita ukawaka zaidi. Wa saba haukusubiri kuwekwa sawasawa. Ulilipuka kama taa, moshi mweusi ukapanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

"Lakini pale walifunika!" Pulchérie alimaka. "Casimir alisema walitia changarawe tangu Pasaka, bomba ikapona..."

Akafunga mdomo. Alichelewa.

Espérance aliweka koleo chini polepole.

"Alikuambia weye."

"Mama Dany..."

"Mi namufulia nguo. Mi napika. Bantu wananitemea mate njiani, yeye anakuja hapa anauliza chumvi iko wapi. Na anajua."

"Walimukataza. Walimuambia akifungua kinywa, kazi imekwisha. Batoto watakula nini?"

"Watakula bugali ya mazutu. Wakipiga chafya, tutapata mwanga."

Pulchérie hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilishuka.

"Acha wafukie, nakuomba. Shimo utapata ingine. Kazi, wapi?"

"Na jina? Jina nitachimba wapi?" Espérance alichukua nusu ya muhogo wa uzioni ambayo hakuitia motoni, akaiviringisha ndani ya kipande cha kitenge. "Kesho shefu akifika na machepe yake, nitamuwashia hii mbele ya bantu bote. Halafu nitawaambia nani alitandika changarawe, na nani alijua akafunga kinywa."

"Ni bwana yako!"

"Na mi nilikuwa nani yake, wakati ule wote alikuwa..."

Mlango wa bati ulikwaruza. Casimir aliingia, buti mkononi, akanusa hewa, akaijua harufu ya bomba, kisha akaitazama mbabula.