Lenzi Aliyoichagua Asmahani

Siku ya hamsini ya eda yake, Asmahani aliletewa lenzi mbili kwenye sinia la chai. Aliyezileta ni mama mkwe wake, Bi Yasmini. Nje ya pazia la mlango alisimama Haidari, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la vifaa vya umeme Kibondo.

"Shemeji, chagua moja," alisema Haidari. "Na ile kamera ya zamani ni yako. Vilivyobaki ni vya mama na mimi. Shehe ameshagawa mirathi."

Marehemu Abdalah alikuwa mpiga picha mjini Kasulu. Alipiga mahafali, mikutano ya hadhara na harusi, mpaka ini lilipomlaza wiki tatu, naye hakuinuka tena. Miaka tisa Asmahani alimshikia taa na kumsafishia picha kwenye kompyuta. Kwenye harusi ndiye aliyeingia vyumba vya wanawake, ambako mumewe hakuruhusiwa. Sasa alikuwa na chumba, ukumbi mdogo na ua wenye ukuta wa matofali, kwa miezi minne na siku kumi. Kumkalia eda Abdalah hakukumsumbua, alimpenda. Kilichomkaba ni kwamba kila aliyekuja kumpa pole alikuja pia na uamuzi juu yake.

Lenzi kubwa ilikuwa ya kuvuta. Ukizungusha pete yake, mtu aliye ng'ambo ya uwanja anakujia mpaka unaona jasho juu ya mdomo wake. Ile ndogo haikuvuta chochote. Ukitaka sura ya mtu ijae, unamfuata kwa miguu yako. Lakini jicho lake lilikuwa pana, na kwenye chumba chenye taa moja hafifu ilitoa picha safi, wakati kubwa ilitoa giza na ukungu.

"Chukua ndogo," alisema Bi Yasmini. "Hiyo kubwa ni ya kusimama uwanjani na wanaume."

"Au asichague," Haidari alisema polepole. "Nafungua studio Kibondo. Vyombo vyote vinaweza kukaa nyumba moja. Eda ikiisha tutazungumza."

Bi Yasmini alikohoa. Asmahani alielewa. Haidari alikuwa na mke na watoto wanne, na sasa alikuwa akimpigia hesabu yeye pamoja na vyombo.

"Nipe wiki moja, shemeji," alisema.

Asubuhi iliyofuata alifunga ile kubwa kwenye kamera akasimama dirishani. Juu ya ukuta aliiona barabara ya stendi. Alimvuta Maximilla, muuza ndizi aliyezoea kumwekea mkungu, akamwona akicheka na bodaboda, pengo la jino likionekana wazi. Asmahani alicheka naye, ingawa mwenzake hakujua. Kwa muda alijisikia yuko nje. Aliposhusha kamera, nondo za dirisha zilikuwa palepale.

Jioni alijaribu ile ndogo. Bi Yasmini alikuwa akichambua maharage uani. Ilimbidi Asmahani achuchumae karibu mpaka magoti yao yakagusana.

"Unanifanya nini?"

"Nakupiga picha, mama."

"Uzee huu?"

"Tulia hivyohivyo."

Kwa ukaribu ule aliona mdomo wa mama mkwe ukitetemeka bila kukoma. Alikumbuka kwamba huyu naye alizika mtoto, na kwa siku hamsini hakuna aliyemuuliza habari zake.

Wiki ilipoisha Haidari alirudi. Asmahani alikuwa amefikiria sana. Uwanjani angegombea nafasi na vijana watano wa mjini, na kila safari angeiombea ruhusa. Vyumba vya wanawake hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

"Nimechagua ndogo," alisema nyuma ya pazia. "Na Kibondo siji."

Haidari aliondoka na ile kubwa bila kumaliza chai. Bi Yasmini alifurahi, na furaha yake ilimkera Asmahani, maana alijua imetoka wapi: lenzi ndogo ingemweka ndani.

Eda ilipoisha, kazi yake ya kwanza ilikuwa bi harusi anayepakwa hina, mtaa wa Murubona. Picha zilisifiwa, akaitwa tena, na tena. Ndani ya mwaka alizijua sebule za Kasulu kuliko alivyojua barabara zake.

Kisha Niyitegeka, mwalimu aliyekuwa rafiki wa Abdalah, alimwita kwenye mahafali. Wapiga picha waliwekwa nyuma ya kamba, mbali na jukwaa. Kwenye kioo cha kamera yake wahitimu walionekana wadogo kama punje za mtama. Wenzake walizungusha pete za lenzi zao wakiwa wamesimama. Yeye aliomba kupita, mlinzi akamkatalia. Akageuka, akawapiga picha kina mama waliokaa jirani yake, wakinyoosha shingo kutafuta watoto wao. Kwenye mahafali hakuitwa tena.

Siku hiyo alifika nyumbani kabla ya magharibi, kama Bi Yasmini alivyotaka.

"Nataka kupanga chumba karibu na soko, mama," alisema.

"Ukae na nani?"

"Peke yangu."

Bi Yasmini aliendelea kukunja kanga. "Tutamuuliza Haidari," alisema.

Asmahani aliweka betri kwenye chaji. Kesho yake kulikuwa na bi harusi mwingine, kwenye chumba kingine.