Seti Tatu za Mgomba wa Mama

Nimefundisha baiolojia hapa Same miaka mingi, na kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni cha ploidi, yaani idadi ya seti za kromosomu ndani ya seli. Binadamu ana mbili, moja ya baba na moja ya mama, tunamwita diploidi. Mgomba wa ndizi tunazokula aghalabu una tatu, ni triploidi. Tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo ndizi haina mbegu. Mgomba huzaa kwa machipukizi tu, na kila chipukizi ni mgomba uleule. Mgomba ukipatwa na ugonjwa mmoja, hakuna ndugu mwenye damu tofauti wa kusalimika. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa mbwembwe.

Mama yangu, kule Vudee milimani, alikuwa na aina moja tu ya ndizi, aliyopewa na mama yake alipoolewa. Mwaka juzi mnyauko uliingia shambani. Majani yaligeuka njano kuanzia ya chini, mashina yakapasuka. Nilipopanda mlima kumwona, matano tu yalikuwa bado mazima. Nikaamua kupeleka machipukizi kwa dada yangu aliyeolewa Usangi, ili aina ile isipotee.

Kwetu chipukizi husafiri na udongo wa kwao. “Ukilikung’uta litakataa ugenini,” mama alisema, akilifunga kwa majani makavu. Darasani ningempa mwanafunzi sifuri kwa jambo hilo, maana vimelea vya mnyauko hukaa udongoni. Lakini mama alikuwa akilifunga kama anayefunga mtoto mgongoni, nami sikumwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Dada alipanda, akafurahi, akawagawia na wakwe zake. Mwezi uliopita alinipigia simu.

“Kaka, majani yamekuwa njano. Ya kwangu na ya wakwe.”

Jumapili nilipanda mlima hadi Vudee. Nilimkuta mama amekata shina la mwisho. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu.

“Si kitu, mwanangu. Huku yamekwisha, lakini kwa dada yako yapo. Nenda ukaniletee moja.”

Nilimweleza yote. Nikamwambia kwamba Usangi nako yamekufa, na kwamba udongo ndio uliobeba ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, panga likiwa mkononi.

“Siku ile nafunga,” akauliza, “ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, mama.”

Akaingia ndani, akafunga mlango.