Gari la Mama Bukuru Halirudi Kasulu

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2013, nilifika kabla chai yangu haijapoa nyumbani. Sijisifu. Ofisi ilikuwa nyuma ya uzio wangu, hapa Kibondo, na ndiyo maana niliomba kazi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata Kakonko kwangu ni ughaibuni.

Nyie vijana mnaodhani gari la umeme limezaliwa jana kwenye simu zenu, tulieni. Kampuni yetu changa ilileta vigari vya mizigo vya magurudumu matatu, vikichajiwa kwa sola. Mimi na kidato cha nne changu tukawa msimamizi wa wateja. Meneja wa Kanda, aliyekaa Kasulu, aliniagiza: hatuuzi, tunakodisha. Dereva alete hesabu kila wiki, matengenezo ni yetu, gari libaki letu. Nikaona ni huruma tupu.

Mama Bukuru wa Mabamba hakuiona huruma. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, wazazi wake walitoka Burundi. Alikuja ofisini, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nikilipa miaka yote, litakuwa la nani?"

"La kampuni."

"Basi huko ni kugabirwa, kama wasemavyo Warundi, mzee. Babu yangu aligabiwa ng'ombe, akamchunga hadi uzeeni. Ndama wakaenda kwa bwana, na babu naye akawa wa bwana."

Alilichukua hata hivyo, maana maharage hayana miguu. Ila hakupika pombe ya kulipokea, na majirani hawakuja kulitazama. Ng'ombe wa mtu hapongezwi.

Kila nilipompigia Meneja kuomba mkataba kama wa bodaboda, yaani ulipe mpaka chombo kiwe chako, alisema wanalifikiria. Mwaka 2015 wakamaliza kufikiria: nilirudishe gari la Mama Bukuru Kasulu, amepatikana mteja mkubwa. Na Mama Bukuru alishawaahidi wakulima wa bonde zima kuwabebea mavuno.

Nikaenda Mabamba, nikilalamika njia nzima kama ninayepelekwa vitani. Nikamkuta ameketi juu ya gari. Madereva wote wa pale wamejaa uani, na hakuna aliyekuwa tayari kushika usukani. Kuendesha sijui. Nikapiga simu hapo hapo.

"Gari halirudi, Meneja. Muuzie bodi la gari kwa mkataba. Mkodishie betri peke yake, maana betri huchoka na kubadilishwa ni kazi yenu."

"Wewe ni msimamizi wetu au wakili wake?"

"Mimi ni mtu niliyetoka nyumbani, Meneja. Ujue basi jambo ni zito."

Akakubali, akaongeza kwamba nikirudi nikabidhi funguo za ofisi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kabla ya umri, na sikuomba radhi wala sitaomba.

Siku hizi vijana wenye kampuni zao hunifuata uani kwangu kuuliza, tuuze au tukodishe? Nawaambia watazame siku ya kulipokea gari kama kuna anayepika pombe. Mama Bukuru aliipika wiki ileile aliyopata mkataba. Nilitoka nyumbani mara ya pili kwa ajili yake, nikanywa nimeegemea gari, na hakuna aliyeniambia nisiliguse ila mwenye gari.