Mafuta Mekundu ya Mzee Telesfori

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Telesfori kilikuwa shingo yake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye lori pale Nyakahura, mwalimu mpya na sanduku langu la bati, nikamkuta amesimama kando ya mnada akitazama nyuma ya bega lake la kushoto.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu, karibu sana," alijibu, kifua kikinielekea mimi, uso ukielekea Biharamulo.

Nilidhani amenidharau. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akanitoa wasiwasi. "Usimfikirie vibaya, mwalimu. Hiyo ni shingo ya kazi. Mwenzetu anaendesha gari kinyumenyume."

Gari lenyewe lilikuwa Pijo jeupe, aliloachiwa na bwana shamba wa Kizungu ambaye yeye alikuwa mpishi wake. Halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe, jambo ambalo Mzee Telesfori alilieleza kwa majivuno kama vile yeye ndiye aliyelibuni. Wakati wa vita, askari walipopita wakikusanya magari ya raia, afande mmoja aliliwasha, akapeleka mguu wa kushoto mahali alipozoea kukuta klachi, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Palikuwa na breki. Paji la uso likagonga kioo. Afande alishuka akipapasa nundu, akasema, "Baki na gari lako, mzee. Adui tuliye naye anatutosha."

Hivyo ndivyo Pijo lilivyonusurika vitani. Lakini mafuta ya giaboksi hayakuwa yamebadilishwa tangu Mzungu aondoke. Yalikuwa yamegeuka meusi na kunuka kama maharage yaliyoungua. Vita vilipokwisha, gia ya kwenda mbele nayo ikakata tamaa: injini ilinguruma, gari likatulia palepale. Gia ya kurudi nyuma tu ndiyo iliyokubali. Mtu mwingine angeliegesha. Mzee Telesfori aligeuza shingo. Alikwenda mnadani kinyumenyume, akaenda kanisani kinyumenyume, na watoto wakalibatiza gari jina la Kinyume.

"Ndugu Telesfori," mwenyekiti alimtania siku moja tukiwa kwenye shamba la kijiji, "sera yetu ni kusonga mbele. Wewe unatupeleka wapi?"

"Kulekule mnakokwenda, Ndugu Mwenyekiti," alijibu. "Tofauti ni kwamba mimi nawaona mlionipita."

Mzaha ulikoma Leonsia, bintiye wa pekee, alipochumbiwa na kijana wa Kibimba, kule Ngara. Baba yake alisimama mbele ya wakwe na kuapa kwamba mwanawe hatapanda juu ya magunia ya lori. Atafika kwa gari la baba yake. Wakwe walipiga makofi. Mkewe, Mama Scholastika, hakupiga.

"Baba Leonsia," alimwambia wageni walipoondoka, "bibi harusi akiingia kwa mumewe kinyumenyume, huyo ameshaanza kurudi kwao. Ama gari liende mbele, ama mwanangu aende kwa miguu."

Siku ile sikumwona mzee akicheka. Kiapo chake kilikuwa kimesikiwa na koo mbili.

Alijua dawa. Mzungu aliwahi kumwonyesha mafuta mapya ya giaboksi, na alichokumbuka ni rangi: mekundu, yanang'aa. Basi alimsimamisha Matiasi, dereva wa lori lililokuwa likienda Kigoma kuchukua chumvi ya Uvinza, akamwambia, "Niletee debe la mafuta mekundu. Mazuri, yasiyochanganywa."

Matiasi aliporudi akipiga honi, watoto wakimkimbilia, mzee hakungoja hata debe lishushwe. Alijiingiza chini ya Pijo, akafungua nati, na yale mafuta meusi yakachuruzika ndani ya karai. Alilifungua bakuli la bati linaloziba giaboksi kwa chini, akalisafisha pamoja na chujio lake kwa petroli, akafunga tena. Ndipo alipofungua debe. Aliinama, akanusa, akachovya kidole.

"Matiasi. Haya ni mawese."

"Ulisema mafuta mekundu, mzee! Nimekuletea mekundu kuliko yote Kigoma nzima!"

"Ya gari, Matiasi!"

"Mimi nitajuaje gari lako linakula nini? Gari lenyewe linatembea kama kaa!"

Mzee alilitazama debe, akalitazama giaboksi tupu, akalitazama debe tena. Naapa nilimwona akifikiria. Mama Scholastika pia alimwona. Alilibeba debe kichwani, akaenda nalo jikoni. "Sherehe imepata mafuta," alisema kutoka mlangoni. "Sasa lipate na gari."

Na sasa Kinyume halikwenda hata kinyume.

Matiasi alipotumwa Mwanza kupeleka pamba, mzee alimkabidhi chupa ya soda yenye yale mafuta meusi. "Mwonyeshe mwenye duka hii, umwambie nataka haya yalipokuwa kijana. Ni ya giaboksi la gari lisilo na klachi. Akianza kuyalamba, toka dukani."

Zikapita siku za mashaka. Leonsia alianza kuvaa viatu vya harusi ndani ya nyumba, akijizoeza, alisema, kwa safari ya miguu. Baba yake alijifanya hasikii.

Jumatatu ya wiki hii Matiasi alirudi na makopo ya bati. Mzee alimimina kidogo kiganjani: mekundu, mepesi, hayana harufu ya jikoni. Alijaza, akawasha injini, akapitisha gia zote taratibu, akayamwaga na kujaza upya, kwa sababu mafuta hayo hayatoki yote mara moja. Mengine hujificha ndani. Kisha akapima kwa kijiti injini ikiwa inaunguruma. Kijiji kizima kilikuwa uani. Leonsia alisimama peku, viatu mkononi.

Mzee akaweka gia ya mbele. Pijo likatetemeka, likafikiri, likaenda mbele!

Vigelegele vilipasuka. Lilisonga vizuri kabisa, polepole, likavuka uwanja, likapita banda la mbuzi, likaingia moja kwa moja kwenye migomba ya Mama Scholastika na kuangusha mkungu ambao haujakomaa. Gari lilikuwa limepona. Shingo ndiyo haikuwa imepona: mzee alikuwa akienda mbele huku akitazama nyuma ya bega la kushoto.

Leo ni Alhamisi, na mazoezi yanaendelea. Mama Scholastika huketi kando ya mumewe, na kila kidevu kinapoanza kugeuka, hukirudisha mbele kwa kiganja.

"Kibimba iko huku, Baba Leonsia."

"Najua iliko!"

"Basi iangalie."

Leonsia amevirudisha viatu kwenye boksi lake. Jumamosi asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Pijo litatoka na bibi harusi kuelekea Ngara, na Nyakahura yote itakuwa barabarani. Mimi nimeshachagua mahali pa kusimama: upande wa mbele, nione vizuri, ila nyuma ya mti.